Binti za Selofehadi na Seneta wa Texas

Somo: Hesabu 27:1–7

Bwana asifiwe, wapendwa. Selofehadi alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Binti zake watano hawakwenda kunung'unika kisimani. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani na wakuu, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe. Musa hakuwa na jibu. Akalipeleka neno lao kwa Bwana, na sheria ya urithi ikarekebishwa.

Benjamin Jordan wa Houston, Texas, karani wa ghala na mhubiri wa Kibaptisti, naye alijaliwa mabinti tu, watatu. Kitinda mimba, Barbara, alizaliwa 1936, akahitimu sheria Boston 1959, akaanza uwakili kwenye meza ya chakula ya wazazi wake. Mwaka 1962 akagombea Bunge la jimbo, akashindwa. 1964, akashindwa tena. Wengi wetu hapo tungesema Mungu amefunga mlango. Kumbe ni hesabu: kila kiti kilipigiwa kura na kaunti nzima, na watu weusi walikuwa kama mmoja kati ya watano. Hata wangempa kura zao zote, zingemezwa. Mahakama ya Juu ilipoamuru maeneo ya uchaguzi yalingane kwa idadi ya watu, mipaka ikachorwa upya, na 1966 akachaguliwa Seneti ya Texas, mweusi wa kwanza humo tangu 1883. Basi juma hili tukiombea haki, tutaje pia ni kanuni ipi irekebishwe, na nani mwenye mamlaka nayo.

Humo ndani hakupiga kelele, ingawa sauti alikuwa nayo. Alisoma kanuni. Maseneta walikuwa 31, na ili muswada ujadiliwe nje ya zamu yake, kama ilivyokuwa desturi kwa karibu kila muswada, zilihitajika theluthi mbili, yaani kura 21. Wakikataa 11, umekwama. Ulipokuja muswada wa kubana uandikishaji wa wapiga kura, alitafuta wenzake 10. Wa kumi na moja ni yeye. Waliowahi kukaa kamati ya kanisa wanajua kazi hiyo haifanyiki kwenye kipaza sauti.

Tarehe 10 Juni 1972, gavana na naibu wake wakiwa nje ya jimbo, kiti cha gavana kikawa chake kwa siku moja, kwa kuwa alikuwa rais wa muda wa Seneti. Mzee Benjamin alikuwepo Austin, makao makuu ya jimbo. Akaugua siku hiyo hiyo, akafariki kesho yake, akiwa amekwisha kusikia jina la Jordan likitanguliwa na gavana.