Usiku wa sare, Januari 2002

Mwanzoni mwa mwaka 2002, Serikali ilipoanza kutekeleza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tulioufahamu kwa jina la MMEM, ada katika shule za msingi ilikuwa imekwisha kufutwa, na watoto ambao wazazi wao walikuwa wakiahirisha kuwaandikisha mwaka hadi mwaka walimiminika shuleni kwa pamoja, wengine wakiwa na miaka tisa au kumi na ndiyo kwanza wanaingia darasa la kwanza. Ada ilifutwa, lakini sare ilibaki mikononi mwa mzazi. Ndiyo maana Januari ile meza ya baba yangu, fundi cherehani wa Majengo, Moshi, ilijaa vitambaa vya tetroni kuliko nilivyowahi kuiona.

Tangu tulipomzika, watu wengi wamenisimulia upole wake. Upole alikuwa nao kweli, ila mimi namkumbuka zaidi kwa msimamo wake kuhusu ahadi aliyompa mteja na kuhusu chakula cha jioni, ambacho hakukubali hata siku moja kukila peke yake dukani wakati sisi tuko nyumbani. Usiku mmoja wa Januari ile ulinionyesha mambo hayo mawili kwa pamoja.

Kazi ya ushonaji katika mji wetu ilikuwa imepungua sana. Baba alikulia Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, katika kizazi ambacho sare ya mtoto ilinunuliwa kwa fedha ya kahawa, na mafundi wa mjini walijua kabisa kwamba vyama vya msingi vya ushirika vikianza kuwalipa wakulima, wateja watashuka kutoka mlimani. Kufikia mwaka 2002 bei ya kahawa duniani ilikuwa imeanguka kiasi kwamba wapo waliong'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Mitumba nayo, iliyoingia kwa wingi baada ya biashara kulegezwa miaka ya 1980, ilikuwa imechukua mashati na magauni yote ya kawaida. Mtu alikwenda sokoni Kiboriloni asubuhi akarudi amevaa. Fundi wa kawaida alibakiwa na sare za shule, nguo za harusi na marekebisho. Januari ndiyo iliyobeba mwaka mzima.

Ilikuwa Jumapili, usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule. Baba aliona wazi kwamba hatarudi nyumbani kula, akamtuma kaka yangu kwa mama na ujumbe kwamba basi nyumba ije dukani. Tukaja sote. Mama alibeba sufuria la machalari kichwani, dada akaja na pasi ya mkaa, na mdogo wetu akalazwa juu ya majora ya kitambaa nyuma ya kabati. Tulikula tumekaa sakafuni, baba akanawa, akarudi kukanyaga cherehani. Mimi nilishona vifungo na kukata nyuzi. Dada alipiga pasi marinda ya sketi moja baada ya nyingine, na sikuwahi kumwona akilalamika.

Saa mbili usiku aliingia bwana mmoja kutoka shule ya binafsi, akiwa na kazi kubwa ya kaptula na mashati, fedha taslimu mkononi, sharti lake likiwa kwamba nguo zianze kutoka kesho yake mchana. Mama aliinua uso. Kaka alikuwa anatakiwa kuripoti sekondari ya bweni wiki ileile, na ada yake haikuwa imetimia.

"Baba watoto," mama alisema kwa sauti ya chini, "hiyo ni ada ya kijana."

"Najua, mama," baba alimjibu. "Lakini hawa wa kwenye foleni niliwaambia kesho asubuhi. Nikianza na za huyu bwana, wengine wataingia darasa la kwanza na nguo za nyumbani."

Akamwomba yule bwana asubiri hadi Jumatano. Bwana hakusubiri, akaenda kwa fundi mwingine. Mama hakusema neno tena usiku ule, akachukua sindano akakaa kando yangu. Nimemfikiria mara nyingi, kwa sababu kukubali kwake kulikuwa na uzito uleule wa uamuzi wa baba, na watu wanaomsifu baba huwa wanamsahau.

Mteja wa mwisho alikuwa bibi mmoja kutoka Kibosho, ameshika mkono wa mjukuu wake wa kike, binti mrefu ambaye umri wake ulikuwa umeshapita darasa la kwanza kwa miaka kadhaa. Daladala la mwisho la kupanda mlimani lilikuwa limeondoka.

"Shikamoo mama," baba alisema akisimama.

"Marahaba baba. Sina ya kutosha sketi na shati vyote."

Baba alimpima mtoto, akafungua mfuko wa vipande vilivyosalia, akaunganisha viwili kwa namna ambayo mshono ulipotelea ndani ya rinda. Kisha akaacha upindo wa vidole vinne chini ya sketi, na akiba ya kitambaa kiunoni, akamwonyesha bibi kwa kidole mahali pa kufumua mtoto atakapoongezeka kimo. Kwa shati, alichukua fedha iliyokuwepo na kusema iliyobaki italetwa wakati wowote. Nimewaona mafundi wengi wakishona upindo mwembamba ili mzazi arudi mwakani. Baba aliona jambo hilo ni wizi, na alilisema hivyo mbele yetu bila kupunguza makali. Bibi na mjukuu walilala kwetu, kitanda kimoja na dada.

Asubuhi watoto walipita kuchukua nguo zao, wengine wakizivalia papo hapo nyuma ya pazia, na yule binti akaondoka na bibi yake kwa gari la kwanza.

Jumatano baba alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata Januari moja kabla ya hapo, akapanda basi na kaka kwenda shuleni kwake. Alikuwa na sehemu tu ya ada. Kaka anasimulia kwamba baba alimweleza mkuu wa shule hali yake bila kujinyenyekeza na bila kusimulia habari za foleni wala za bwana yule, akaandika kwa mkono wake tarehe za kulipa. Salio alilipeleka kwa mafungu, kutokana na marekebisho ya suruali na nguo za wasimamizi wa harusi, na lilikwisha kabla ya Pasaka.