Uta wa babu hauna ugwe

Nimetoka kwa babu saa hii, niko ndani ya matatu narudi Malindi, wacha niandike kabla sijalala.

Sisi ni Wata, wengi mnatuita Waliangulu. Wazee wetu walikua wanawinda ndovu kwa uta na mishale ya sumu kule ambako tangu 1948 ni mbuga ya wanyama ya Tsavo. Miaka ya 50 wengi wakashikwa wakafungwa, alafu 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji.

Leo nikauona uta ukutani nikamuuliza babu naweza kuuvuta, akaniambia hauna ugwe, ile kamba yake aliitoa mwenyewe zamani.

Akaushika hivyo hivyo.

Mkono wa kulia ukarudi nyuma polepole mpaka karibu na sikio, vidole vimebana kitu ambacho hakipo, na macho hayakua kwangu tena yalikua mbali huko nje kwenye vichaka. Mkono ulikua unatetemeka lakini hakuushusha.

Nikamuuliza, babu unataka turuhusiwe tena? Akasema hapana, ndovu waachwe wazaane. Anachotaka ni mtu wa kumfundisha nyayo, ajue mnyama amepita saa ngapi, ni mgonjwa ama ana mtoto. Hayo hakuna sheria inayoyakataza na bado hakuna anaekuja.

Imeniuma jamani. Mimi mjukuu wake sijawahi hata kuuliza.

Jumamosi narudi na daftari.

Nyinyi ambao wazee wenu walikua wawindaji, wamewaachia nini? Niandikieni hapa, ntasoma zote.