Siku ya Kuvua Brimu katika Bwawa la Rudyard

Kutoka Stoke-on-Trent ninakoishi hadi bwawa la Rudyard, karibu na mji mdogo wa Leek, ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Bwawa hilo lilijengwa karibu mwaka 1800 ili kuupatia maji mfereji wa Caldon, enzi ambazo mizigo ya Uingereza ilisafirishwa kwa mashua za mifereji, na ni refu na jembamba, zaidi ya kilomita tatu, limebanwa na vilima vyenye miti pande zote mbili. Wazazi wa mwandishi Rudyard Kipling walikutana hapo, ndiyo maana mtoto wao akapewa jina la bwawa. Mimi linanivuta kwa sababu nyingine. Nimelelewa kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Mwanga, ambako baba amevua perege tangu ujana wake, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba bwawa ni bonde lililofunikwa maji, na kwamba anayelijua bonde ndiye anayejua samaki wanapopita. Wazee walimwonyesha mahali ambapo mito ya Kikuletwa na Ruvu ilikutana kabla ya ukuta kujengwa miaka ya 1960, naye hadi leo hutega nyavu zake kwa kufuata mito hiyo isiyoonekana.

Samaki niliyemfuata Jumamosi moja ya mwezi Juni ni yule anayeitwa huku bream, nami nitamwita brimu kwa kuwa kwetu hana jina. Waliopitia Zambia wasimchanganye na perege, ambaye huko huitwa kwa jina hilohilo. Brimu wa Ulaya ni samaki bapa, mgongo umepanda kama nundu, akiwa mdogo hung'aa kama fedha na akikomaa huwa na rangi ya shaba. Mdomo wake huchomoza kuelekea chini kama kipande cha bomba, na kwa mdomo huo hufyonza tope akitafuta mabuu mekundu ya visubi. Hutembea kwa makundi, kama ng'ombe malishoni, na kundi likimaliza chakula mahali fulani huondoka lote.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, nikiwa na kibali cha serikali cha kuvulia kwa ufito pamoja na tiketi ya siku. Kabla ya kutia chambo nilifunga chubwi tupu, nikairusha mbali, nikahesabu sekunde hadi mshipi ulipolegea kuonyesha kwamba imegusa chini. Mahali pa kwanza nilihesabu nne, pa pili nne, pa tatu saba. Baba hufanya hivyohivyo kwa jiwe na kamba akiwa mtumbwini. Hapo penye saba palikuwa na ukingo, penye kina kinachoshuka ghafla, nami nikaamua kutohama siku nzima.

Chakula cha kuwaita samaki nilikichanganya taratibu: chenga za mkate mkavu, mahindi matamu ya kopo na nyungunyungu waliokatwakatwa, nikinyunyiza maji ya bwawa kidogo kidogo hadi mchanganyiko ukashikana ukiminywa na kumeguka ukiguswa. Ukiwa mbichi mno huganda kama ugali na samaki hawaupati. Ukiwa mkavu mno hutawanyika kabla ya kufika chini. Huingizwa katika kikapu kidogo cha waya kilichofungwa juu ya ndoano, na kila mara nilikirusha palepale, kwa kuwa chakula kilichotapanywa huku na kule hulitawanya kundi.

Saa tatu nzima hazikuleta kitu. Kisha ncha nyembamba ya ufito ikaanza kutikisika na kutulia, kutikisika na kutulia, nami kwa pupa nikavuta mara mbili bila kupata chochote. Huo ulikuwa mguso wa miili ya samaki kwenye mshipi, wala si mdomo kwenye ndoano. Mzee mmoja aliyekuwa akivua hatua thelathini kutoka kwangu aliniambia kwa upole niweke mikono magotini na kusubiri. Nilimtii. Upepo ulipoanza kuyakunja maji, ncha iliinama polepole na kubaki imeinama, kama mtu anayesikiliza kwa makini, na safari hii nilipoinua ufito nilihisi uzito.

Brimu hapigani kama sangara. Huja mzitomzito kama gunia lililolowa, akitikisa kichwa, na hatari yake ni mvuvi kulegeza mshipi akidhani kazi imekwisha. Nilimwingiza katika wavu wa mkono, nikamlaza juu ya mkeka uliolowanishwa ili asipoteze ute unaomkinga na magonjwa, nikamtoa ndoano mdomoni. Alikuwa na kilo mbili na robo. Hadi saa kumi jioni nilipata wengine wanne, wote kutoka ukingo uleule.

Wote niliwarudisha. Sheria hapa hairuhusu kuchukua samaki wa aina hii kutoka katika bwawa bila idhini ya mwenye maji, na wavuvi wenyewe hawataki wachukuliwe. Miaka yangu ya kwanza jambo hili liliniuma sana, kwa sababu kwetu samaki aliyerudishwa majini ni chakula cha watoto kilichomwagwa. Sasa naliona kuwa sawa kwa maji haya, ambamo hakuna nyumba inayomtegemea brimu kwa chakula cha jioni. Yule mkubwa nilimshika wima ndani ya maji hadi matamvua yakafunguka na kufumba kwa utulivu, kisha akajisukuma mwenyewe akazama.

Jioni nilimpigia baba simu.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Umepata?”

Nilimweleza idadi, uzito, na kwamba nimewaachia. Alikaa kimya kidogo.

“Ana miiba?”

“Mingi sana, baba, midogomidogo.”

“Basi,” akasema. “Na pale ulipompata, kina kilishuka upande gani?”