Jinsi nilivyotatua kipimajoto cha sikio kutoa namba tofauti tofauti

Kipimajoto cha sikio kilikuwa kinanichanganya kweli, sikio hili 37.1 lile 38.2, na mtoto akikiona tu analia. Kumbe kile kidude kinasoma joto linalotoka kwenye ngoma ya sikio, sasa njia ya sikio imepinda, ncha isipoielekea ngoma inasoma ukuta wa pembeni na namba inashuka. Dawa ni kuvuta sikio taratibu, wa chini ya mwaka 1 vuta nyuma moja kwa moja, aliyezidi hapo vuta juu na nyuma, ndo uingize ncha bila kulazimisha. Sikio alilolalia nalo linakua na joto la ziada, mgeuze usubiri kama dakika 20 hivi, akitoka kuoga vilevile. Kioo cha ncha nakifuta kwanza maana nta ikiganda pale inasoma chini. Kuhusu kulia, nampakata, kichwa kinaegemea kifuani kwangu, namwacha ampime mdoli wake kwanza, akisikia ile pii anacheka na mimi hapohapo nampima. Ila jamani chini ya miezi 6 msitumie hiki, tundu la sikio bado dogo mno, na kichanga wa chini ya miezi 3 akifika 38 ni hospitali moja kwa moja.