Siku Moja Nyuma ya Msafara, na Mkoba wa Plasta

Saa kumi na moja alfajiri. Mkoba unapangwa kabla ya chai. Leo ni wafanyakazi wa kampuni moja, matembezi ya kilomita 15 ndani ya Msitu wa Karura, Nairobi, na kazi yangu ni miguu yao. Wengi hudhani mtu wa huduma ya kwanza hungoja mifupa ivunjike. Kinachowalaza watu njiani ni lengelenge la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Kwa hiyo ninabeba kitambaa cha gundi, ile pamba nene yenye manyoya laini upande mmoja na gundi upande wa pili, plasta ya roli, shashi, spiriti, glavu, soksi kavu na mkasi mkali. Mkasi butu huacha nyuzi kwenye kingo, na nyuzi ndizo soksi hushika kwanza.

Saa moja, lango la Limuru Road. Ukaguzi wa viatu na soksi. Soksi za pamba hunywa jasho zikakaa nalo, na ngozi iliyolowa husuguka vibaya kuliko kavu. Meneja mmoja amevaa buti jipya, kibandiko cha bei bado kiko kwenye soli. Ninamwomba nimbandike visigino mapema.

“Daktari, mimi nimekulia mashambani, nilitembea peku.”

“Bosi, ulitembea peku. Hukutembea na buti hili.”

Anacheka, anaenda. (Mimi si daktari, lakini kwenye matembezi kila mwenye glavu ni daktari.)

Saa mbili na nusu anaanza kuchechemea. Anasema inachoma tu kidogo. Hapo ndipo pa kusimama! Soksi huishika ngozi ya nje huku mfupa ukienda mbele na nyuma ndani; tabaka za katikati zinavutwa mpaka zinaachana, kisha maji yanajaa pale palipoachana. Kuchoma ni ile hatua kabla ya kuachana. Ukibandika wakati huo, mvuto unapungua na mara nyingi lengelenge halitokei. Yeye anataka tufike kwanza kwenye maporomoko ya maji.

Tunafika. Kisigino cha kushoto ni chekundu tu, cha kulia kina lengelenge limejaa maji.

Kushoto ni kazi ya dakika tatu. Futa kwa spiriti, ngoja ikauke kabisa, kata kipande kinachozidi wekundu kwa sentimita mbili kila upande, kisha kata pembe ziwe za mviringo kwa sababu pembe kali hubanduka. Weka bila kuvuta ngozi wala kuacha kunjo. Kisha kandamiza kwa kiganja nusu dakika, joto la mkono huifanya gundi ishike.

Kulia, gundi haiwekwi juu ya lengelenge hata siku moja, maana ukiibandua inaondoka na paa lake. Ninakata tundu katikati ya kipande, kubwa kidogo kuliko lengelenge. Tabaka moja ni fupi kuliko uvimbe, basi ninaongeza la pili mpaka kitambaa kiwe juu zaidi, buti liegemee kitambaa badala ya kidonda. Juu ninafunika kwa shashi na plasta.

“Si ungelitoboa tu?” anauliza. Mwenzake anapendekeza uzi na sindano, uzi uachwe ndani ukaushe maji. Uzi huo ni njia ya vijidudu kuingia. Lengelenge zima lisilomzuia mtu kutembea huachwa. Ile ngozi ndiyo bandeji bora kuliko zote nilizobeba. Nalo la damu haliguswi.

Kitambaa kinakula nafasi ndani ya kiatu, hivyo ninalegeza kamba juu ya vidole na kuikaza kwenye kifundo ili kisigino kisipande na kushuka. Ukikaza kote, umehamisha tatizo kutoka msuguano hadi mbano.

Ninageuka kumtazama mwingine mwenye vidole vilivyobanwa. Nikirudi, meneja amevua buti na kutumbukiza mguu mtoni “upoe kidogo.” Kila kitu kimelowa. Gundi haishiki ngozi iliyolainika kwa maji, kwa hiyo ni kuanza upya: kubandua taratibu kwa kurudisha kitambaa sambamba na ngozi, kufuta, kupepea kwa kofia mpaka pakauke, kukata tena tundu. Wenzake wanaangalia saa kana kwamba mchelewaji ni mimi. Mgongo unauma. Roli ya kitambaa inakaribia kwisha na bado nusu ya njia.

Baada ya hapo saa hazina maana sana. Visigino, vidole gumba, nyayo, udongo mwekundu kwenye glavu. Wanaokuja mapema huondoka haraka.

Jioni simu inaita. Meneja ameng’oa plasta kavu kwa nguvu, ngozi imetoka. Aoshe kwa maji safi na sabuni, apake mafuta ya mgando, afunike kwa bandeji isiyonata. Siku nyingine aloweshe plasta kwa maji ya vuguvugu au mafuta ya kupikia kwanza. Akiona usaha, mistari myekundu ikipanda mguuni au homa, aende hospitali. Ninamuuliza kama ana kisukari, swali lililofaa kuwa kwenye fomu ya kampuni yake, kwa sababu mwenye kisukari haendi na kidonda cha mguu nyumbani kusubiri. Hana. Anauliza kama Jumamosi ijayo anaweza kuvaa buti lile lile.

“Livae nyumbani wiki nzima, saa moja kila jioni, na soksi za sufu.”