Kovu Linalofungwa Kila Siku

Neno: 2 Timotheo 2:3-4

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Paulo anamtaka Timotheo avumilie taabu kama askari mwema, ili ampendeze yule aliyemwandika. Tukisikia askari tunawaza vita. Juma hili tuwatazame askari ambao taabu yao kubwa haikuwa vita.

Mwaka 1864, Marekani ikipigana yenyewe kwa yenyewe, mateka wa jeshi la Kusini waliofungwa Point Lookout, Maryland, waliruhusiwa kula kiapo cha utii kwa serikali ya Muungano, yaani upande wa Kaskazini, na kujiandikisha. Likaundwa jeshi la kwanza la askari wa miguu wa kujitolea la namna hiyo. Jenerali Grant, mkuu wa majeshi ya Muungano, hakuwapeleka kupigana na ndugu zao wa Kusini. Aliwatuma magharibi, mpakani mwa makazi ya walowezi, na wengi wakafika Fort Rice, boma la magogo kando ya mto Missouri huko Dakota. Tusifiche ukweli: nchi ile ilikuwa ya Walakota, wenyeji wa asili, na kuwekwa kwa boma pale kulikuwa dhuluma. Tunachojifunza kwa askari hawa ni maisha yao ya kila siku, wala si haki ya waliowatuma.

Kiapo kiliapwa mara moja. Baada yake zikaja ngoma za alfajiri, kuitwa majina, kupasua kuni, kuteka maji mtoni, kwata. Lindo lilikuwa la saa 24: saa mbili umesimama, saa nne unapumzika na nguo zako mwilini, kisha unarudi. Kulala lindoni lilikuwa kosa ambalo sheria ya jeshi iliruhusu adhabu ya kifo. Anayejua zamu ile ya usiku wa manane anaielewa Zaburi 130:6, nafsi inayomngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi.

Bunduki nayo ilidai kazi. Askari wa miguu wa wakati ule alirarua karatasi ya risasi kwa meno, akamimina baruti mtutuni, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki, ule ufito wa chuma, kisha akaweka fataki, kikofia kidogo cha kuwashia baruti. Kila mlio uliacha masizi. Asipoosha mtutu kwa maji ya moto, akaukausha kwa kitambaa na kupaka mafuta, kutu huingia, risasi hugoma kushuka, na kitundu cha fataki kikiziba, fataki hulia lakini baruti haishiki moto.

Lakini adui mkubwa wa boma lile alikuwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Posho haikuwa ndogo: gramu 340 za nyama ya nguruwe ya chumvi kwa siku, au nyama ya ng'ombe badala yake, unga karibu nusu kilo, maharage, kahawa, sukari. Tumbo lilishiba. Ila Missouri ikiganda, meli za moshi hukoma, na viazi na mboga mbichi navyo hukoma. Mboga za kukaushwa hazikufaa kitu. Kukaushwa na kuchemshwa mno kulimaliza vitamini C. Baada ya miezi michache fizi huvimba na kutoa damu, meno hulegea, miguu hupata madoa meusi. Kisha, jambo la kutisha, vidonda vilivyopona miaka mingi nyuma hufunguka tena. Kovu si kitu kilichokwisha. Mwili hulijenga upya kila siku, na ukikosa cha kujengea, kovu huachia. Magonjwa yaliua wengi pale kuliko mishale na risasi.

Hapo ndipo naomba tukae kidogo. Mtu aweza kushiba ibada, kwaya, semina na maneno ya miaka iliyopita, huku amekosa kitu kibichi cha leo kutoka kwa Mungu. Hahisi njaa. Dalili huja kwa njia nyingine: chuki aliyoisamehe zamani inaanza kuvuja upya, jina la ndugu fulani likitajwa anauma meno. Ukijiona hivyo, usikimbilie kumlaumu aliyekujeruhi. Jiulize ni lini mara ya mwisho ulifungua Neno asubuhi, ukiwa peke yako, ukaomba usamehe tena kilekile ulichosamehe.

Juma hili tusome 2 Timotheo 2 yote na Zaburi 130, sehemu ndogo kila asubuhi kabla ya kushika simu. Na tuwaombee kwa majina walinzi wa usiku wa mitaa yetu, na askari walio mbali na nyumbani.