Nilivyorekebisha chimni na ukuta wa tofali za kuchoma, Njombe

Kwa waliowahi kukaa Njombe wanajua, mwezi wa sita na wa saba bila moto ndani hulali, ndo maana nyumba nyingi za zamani huku zina sehemu ya kuotea moto na chimni imetokeza juu ya bati. Ya kwetu aliijenga baba, tofali za kuchoma zimepangwa kwa udongo, nje zikapigwa pointi, yaani maungio kati ya tofali na tofali yakajaziwa. Masika iliyopita ukuta wa sebuleni pale kwenye chimni ukaanza kuloa, rangi inabanduka na chumvi nyeupe inatoka.

Fundi wa kwanza hata ngazi hakupanda, akasema piga lipu ya saruji nzito ukuta mzima kazi iishe. Nikamshukuru nikamsindikiza. Upande wa nyuma ulishafanyiwa hivyohivyo zamani, yaani wameziba maungio kwa saruji kali, na ndo ulioharibika kuliko pande zote, saruji imebaki ngangari halafu tofali zenyewe zinamenyeka. Tofali letu la kienyeji ni laini, linanyonya maji, sasa yakishaingia lazima yatafute pa kutokea na maungio yakiwa magumu kuliko tofali basi yanatokea kwenye tofali pamoja na chumvi yake, sura yote inapukutika.

Wa pili alikuwa mzee, akatazama ukuta kidogo tu akaniambia, "Mwanangu, maji hayaanzii hapa, tupande juu." Na kweli, kifuniko cha zege kichwani mwa chimni kilikuwa na nyufa, halafu kiko bapa, maji yanatuama. Lile bati linalozunguka chimni inapotokea kwenye paa lilikuwa limeshikizwa kwa lami tu, lami imekauka imeachia.

Tukatoa tofali za juu zilizolegea tukazipanga upya, tukamwaga kifuniko kipya chenye mteremko kwenda nje, kimezidi ukuta kama sentimita 5 na chini ya ukingo kuna kamfereji ili maji yadondoke yasirudi kufuata tofali. Bati la pembeni tukalichomeka ndani ya maungio, siyo kubandika juu juu.

Pointi ndo ilikula muda. Unachokonoa udongo na saruji ya zamani kwa tindo ndogo na nyundo, kina cha sentimita 2 hadi 2 na nusu (grainda sikuitaka, ikiteleza kidogo tu inakata tofali), unapiga brashi vumbi litoke, unalowanisha tofali ndo unajaza. Mchanganyiko wa chimni, kwa kuwa inapigwa na mvua na upepo, ulikuwa saruji ndoo 1, chokaa 1, mchanga 6. Ukutani tukalainisha zaidi, saruji 1 chokaa 2 mchanga 9. Majirani walituona wabahili wa saruji haswa! Halafu usiache ikauke fasta, tulifunika kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa. Na vaa glavu, chokaa inaunguza mikono, ikiingia machoni ndo balaa.

Tukiwa huko juu tukasugua na masizi kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye mwanzi mrefu. Kuni za msindano (paini) mbichi zinaacha uchafu mweusi unaonata kama lami na ule unaweza kushika moto humohumo ndani ya chimni, kwahiyo sasa tunachoma kuni za miwati zilizokauka vizuri. Chimni ikiziba pia sumu ya moshi inarudi ndani, na kaboni monoksidi haina harufu, usingizi wako unakuwa mzito moja kwa moja.

Mvua za mwaka huu sebule haijaloa. Chumvi bado inatoka kidogo maana ukuta unakauka polepole, naifuta kwa brashi kavu, siyo maji, maji yanairudisha ndani. Nataka kupaka chokaa tu ili ukuta upumue, mama anang'ang'ania rangi ya mafuta kama ya jirani, hapo bado hatujaelewana.